Saa ya Tata

Jumapili, 12 Januari 1992

Tata amenipiga tena. Safari hii kwa mwiko, juu ya sikio. Eti mimi mwizi, nimeingia kumwibia viatu. Baba yangu mzazi! Na viatu vilikuwa miguuni mwake. Nililia jikoni, halafu nikacheka, halafu nikasonga ugali.

Kaka yangu Alexander amekuja kutoka Nairobi na saa. Si ya mishale, ni ya namba, plastiki nyeusi. Kila saa ikitimia inalia pip-pip. Daktari wa misheni alimwambia akili ya mzee isiachwe ikae bure. Kila ikilia, Tata ataje mambo matano: jina lake, kwao, siku ya leo, mahali alipo, na mtu aliye naye. Alexander akabonyeza-bonyeza, akamvalisha, akapanda gari la saa nane. Kazi ameniachia mimi, kama kawaida.

Alhamisi, 23 Januari

Nimechoka! Tangu alfajiri mpaka jioni ni mara kumi na tatu. Pip-pip — unaitwa nani, Tata? Matusi. Pip-pip — leo ni siku gani? Matusi. Saa nne alinimwagia chai ya moto, mkono umefanya malengelenge. Akaniuliza nani ameniunguza.

Lakini saa yenyewe anaipenda. Anaipangusa kwa shati. Ukiigusa, ole wako.

Jumapili, 9 Februari

Yote matano! Yote!

Tulikuwa tumetoka kanisani. Ikalia. Tata akasimama, akashika kiti, akavuta pumzi mpaka vifungo vya koti vikakaza, akapaza sauti: "Zakaria Kebaso! Mkisii wa Nyaribari! Jumapili! Niko nyumbani kwangu! Huyu ni Bochaberi, binti yangu!"

Ni sauti ya mizani. Miaka ishirini na nane alikuwa karani wa kupima chai. Alikuwa akiita jina na kilo hadi mchumaji aliye chini kabisa mtoni asikie. Nilidhani sauti hiyo imekwisha. Kumbe ilikuwa inangoja kazi.

Rodah, jirani yetu, alichungulia uani akicheka. "Weee, mzee amekuwa redio! Hata ng'ombe yangu imeacha kula." Rodah ni Mkipsigis, na tangu tukiwa wasichana yeye hunipa maziwa, mimi humpa ndizi. Nilimkumbatia Tata. Hakunipiga. Namshukuru Mungu.

Jumanne, 3 Machi

Sokoni Kiptere watu hawasalimiani. Eti Wakisii tufunge virago kabla ya Pasaka, nchi hii ni ya Wakipsigis. Omariba wa kioski anasema ni maneno ya walevi tu. Lakini usiku analala na viatu miguuni. Na vijana wetu nao wananoa mapanga, nimewaona, nisijidanganye.

Na Tata kila saa: "Mkisii wa Nyaribari!" Watu wanasimama barabarani. Wanasikiliza. Wanaondoka.

Nimemwomba aseme chinichini. "Karani hanong'oni," akanijibu. Nikamwambia basi aruke kabila, ataje jina tu. Akanitazama kwa uchungu. "Unataka niwe nani?"

Saa saba alisinzia. Nikajaribu kuifungua ile saa. Ngumi moja! Jino la mbele limetoka, nimelifunga kwa karatasi. Mimi mwenyewe nilimfundisha kuitii. Nilimfundisha vizuri mno.

Alhamisi, 12 Machi

Omariba amekufa. Mshale wa shingo, mlangoni pa kioski chake. Alikaa chini polepole, kana kwamba anapumzika.

Nyumba yetu imeungua. Walikuja asubuhi, mchana kweupe, wanaimba. Nilimburuta Tata mpaka ndani ya shamba la chai, tukalala kifudifudi kati ya mistari. Walipita karibu, nikaona miguu. Wakapita. Nikashusha pumzi.

Pip-pip.

Akasimama! Katikati ya chai, kichwa na kifua nje! Nikamziba mdomo, akaning'ata kidole hadi mfupa, akanguruma zaidi. Akataja yote matano. Hata siku hakukosea.

Alirudi mmoja, mwenye koti la kijani. Tata akamchapa fimbo ya uso. Yule akampiga rungu la kichwa mara mbili. Tata akaanguka. Jamaa akaivuta ile saa, akapangusa damu kwenye suruali yake, akaivaa. Kisha akainua panga juu yangu. Firimbi ya wenzake ikalia kule chini. Akatema mate, akakimbia.

Nilimshukuru Mungu kwa kuibiwa.

Ijumaa, 13 Machi

Tuko kwa Rodah, ndani ya ghala lake la mahindi. Kuta ni za fito, unaona nje vipande vipande. Mumewe, Kipkosgei, walimkuta njiani wakamwuliza kama ameficha watu. Akakataa. Wamemvunja mkono. Amerudi, akala, hakutuambia kitu. Rodah ndiye aliyeniambia.

Tata hasemi. Anapapasa kifundo cha mkono, mahali saa ilipokuwa. Nimemwuliza mimi ni nani. "Nyatichi," akasema. Mama yangu, aliyekufa mwaka wa themanini na tano. Nimemwuliza yeye ni nani. Akafikiri sana. "Mgonjwa."

Miezi miwili ya kazi, imeisha kwa siku moja. Na nafurahi! Najichukia, lakini nafurahi. Akinyamaza tutaishi.

Jumamosi, 14 Machi

Kidole kimevimba. Kioski kingine kimechomwa, moshi umeingia humu, Tata anakohoa. Rodah anasema kesho jioni lori la kanisa litachukua watu mpaka Kisii mjini. Kesho jioni tu.

Jumapili, 15 Machi

Wako uani. Saba, nane. Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga mayowe.

Wamempiga Kipkosgei kwenye ule mkono uliovunjika. Sijawahi kusikia mwanaume mzima akilia hivyo. Wanataka kujua yule karani wa Kisii yuko wapi. Rodah anawapa maziwa, sauti yake haitetemeki: "Hapa hakuna mtu kabisa. Ni mahindi tu. Kunyweni mwende." Mmoja amemzaba kofi. Kibuyu kimepasuka.

Mwingine amekuja kuketi kwenye ngazi ya ghala. Mgongo wake uko hapa hapa, nikipenyeza kidole namgusa. Koti la kijani.

Ameegemeza mkono kwenye fito. Ameivaa. Damu ya Tata bado iko kwenye mkanda. Nazisoma namba: 3:57.

Saa kumi kasoro dakika tatu.

Leso iko tayari magotini mwangu. Lakini nikimziba atapigana, na sakafu hii ya fito inalia hata nikihamisha mguu. Nimemtazama Tata. Anachezea punje za mahindi. Hajui yuko wapi. Hajui mimi ni nani. Vizuri, Tata. Kaa hivyo hivyo.

3:59. Mungu wangu, wiki tisa nimekuomba akumbuke. Leo moja tu, asahau.

Pip-pip.

Ameacha mahindi. Amegeuka, ananitazama usoni, macho yamekuwa yake. "Bochaberi," amesema, kwa sauti ndogo, mimi peke yangu nimesikia. Tangu Alhamisi hajaniita hivyo. Ni yeye. Amerudi.

Anashika ukuta, anainuka, kifua kinapanda, anavuta pumzi —