Lowell Amevua Bastola Yake

Barabara ya Kinu cha Zamani,
Pruitt Fork, Missouri.

9 Novemba

Mpendwa wifi yangu Maxine,

Habari za huko Alaska, na theluji yako inasemaje? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti ulilofanyiwa upasuaji limeanza kukusikiliza. Gus naye vipi, bado anakohoa asubuhi? Mwambie aache ubishi aende kwa daktari. Najua hataenda, lakini mwambie hivyo hivyo, ili baadaye uwe na haki ya kumnunia.

Sisi hapa tupo. Mgongo wangu unauma pale pale, na vidole vimevimba kwenye viungo, hasa ikinyesha. Nimekonda mpaka sketi ya kanisani inanizunguka kiunoni. Kaka yako anakula vizuri. Anakula kifungua kinywa, mikate yake na mchuzi wa soseji, halafu baada ya muda kidogo ananiuliza kama leo tutakula kifungua kinywa. Nampa tena, maana kubishana kunachosha kuliko kupika.

Kuku wameacha kutaga kwa baridi. Paa la kanisa limeezekwa upya, na mchungaji ameshukuru mabati kwenye ibada mbili mfululizo. Msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa Jumamosi, kwa hiyo mji mzima umevaa makoti ya kuwindia ya rangi ya machungwa na dukani huongei na mtu bila kuambiwa habari za pembe.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nichukue kalamu, maana kwenye simu Lowell huwa yuko karibu, na masikio yake bado ni mazima.

Unajua alivyo. Ugonjwa wa kusahau haurudi nyuma, unakwenda mbele tu. Kiangazi alipotea akitoka kununua mahindi ya kuku, barabara aliyoipita maisha yake yote, na baada ya hapo alinipa funguo za pikapu mwenyewe bila neno. Bunduki za kuwindia mkwe wetu alizichukua, na hilo nalo lilipita. Lakini bastola ya kiunoni, wifi, hiyo ilikuwa habari nyingine. Tangu wale vijana wawili walipomfungia stoo dukani kwake, nawe ndiye uliyemfungulia mlango, hajawahi kutoka chumbani bila hiyo bastola. Anavaa suruali, anavaa mkanda, anavaa bastola, ndipo anauliza kahawa.

Daktari alisema iondoke. Binti yetu Corinne akaongeza lake. Unamjua, akishaamua ameamua. Alisema hawezi kuleta watoto kwenye Sikukuu ya Shukrani nyumba ikiwa hivyo, na akasema ama bastola itoke, ama baba atoke, na ameshaitembelea ile nyumba ya wazee iliyoko njia ya Rolla. Kasema ni safi na ina bustani. Mimi sitaki bustani yao. Nataka Lowell afe kwenye kitanda chake, nikiwa karibu. Hilo tu ndilo nililobaki nalitaka.

Basi nikaiba. Nilisubiri aende kuoga, nikaichukua nikaificha chini ya nguo chafu. Alipotoka akapapasa kiuno, akaikosa, akawapigia simu polisi wa sherifu. Wakamtuma kijana wao mmoja mpole, mtoto wa akina Ledbetter. Nilimvuta pembeni nimweleze, lakini hata kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshamshika Lowell bega. "Pole sana mzee wangu. Usikae hivyo bila kitu. Mimi ninayo ya ziada garini, nikuazime mpaka upate nyingine?" Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Hapa kwetu mtu akikuambia hana bastola, unamhurumia kama amekuambia hana blanketi. Nikakimbilia kwenye kapu la nguo, nikasema loo, kumbe hii hapa.

Kisha Lowell mwenyewe akaanza kulalamika kwamba ni nzito. Kila siku inamvuta nyonga, anataka ndogo. Nikaona hapo ndipo pa kupitia. Nikaenda kwa Dwight Sappington, mwenye duka la bunduki, tukapanga. Dwight angemtolea zile ndogo za kisasa, ambazo ili uzikoki lazima uvute kile chuma cha juu nyuma kwa nguvu. Mikono ya Lowell inatetemeka. Angejaribu moja ashindwe, ajaribu ya pili ashindwe, na Dwight angemwambia polepole, kiume, kwamba labda sasa inatosha. Dwight hakupenda. Alisema ni kama kumdanganya baba yake. Nikamwambia mimi nadanganya tangu kunakucha, naye adanganye mara moja tu.

Tukaenda. Dwight akatandika kitambaa juu ya kioo, akazipanga tatu, kila moja akiifungua kwanza kuonyesha haina kitu ndani.

"Haya mzee, shika hii. Nyepesi, na haionekani hata ukivaa fulana."

Lowell hata mkono hakuutoa mfukoni. "Mimi sinunui. Ananunua huyu."

"Nani?" nikauliza.

"Wewe. Ulidhani tumekuja kununua peremende?"

Dwight akanitazama, nami nikamtazama Dwight. Akainama akatoa nyingine, ya rangi ya waridi.

"Dwight," kaka yako akasema, "hiyo ni bastola au kikopo cha poda?"

"Akina mama wanaipenda, mzee."

"Akina mama gani? Huyu amevuta ndama tumboni mwa ng'ombe kwa mikono yake miwili. Rudisha takataka yako."

Basi nikajaribu mimi. Ile ya kwanza nilivuta kile chuma, hakikusogea. Ya pili kikasogea kidogo kikaniponyoka, kikanibana ngozi. Vidole vyangu unavijua. Mtego niliomtegea Lowell nikaingia mwenyewe mzima mzima, na Dwight akawa anatazama dari.

Lowell hakucheka. Akaanza kufundisha, wifi, kama alivyokuwa akinifundisha kuendesha trekta. "Watu wanadhani ndogo ndiyo laini. Ndogo ndiyo yenye teke, maana haina uzito wa kulimeza. Na mkono wako hauwezi kuvuta. Dwight, mpe ya silinda, ya risasi tano, mpini wa mpira. Hapo hakuna cha kuvuta, ni kidole tu. Lakini isiwe nyepesi kupita kiasi, itamvunja kifundo." Akanipima mpini kwenye kiganja. Akanigeuza akanitazama kiuno, akasema mimi mwembamba, nivae mbele kidogo ya nyonga na shati lisilobana. Akasema nisije nikaiweka kwenye mkoba. "Mkoba utausahau chooni hotelini, mtoto wa watu aufungue."

Hakukosea neno hata moja. Hakuuliza mara mbili. Kule nyuma ya duka nilipiga risasi ya kwanza, ikapita mbali na karatasi ikaingia kwenye tuta la udongo, akacheka mpaka akashika ukuta. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilimpata mume wangu kwa muda ule, mzima, mwenye maringo yake, na nilitamani duka lile lisifungwe.

Tuliporudi kaunta akafungua mkanda. Akaivua ile yake pamoja na ala yake, akaitoa risasi zote, akamsukumia Dwight. "Nyumba haikai bila mtu wa kubeba," akaniambia. "Sasa ni zamu yako. Mimi naanza kupotea, Nola, na mtu anayepotea hafai kubeba." Dwight akawa anafuta kioo ambacho kilikuwa safi. Mimi nililia ndani ya pikapu, na yeye akaniuliza nani amefariki.

Kwa hiyo wifi yako sasa ni mtu wa bastola kiunoni. Mimi niliyekuwa nikiwacheka! Nikiinama kuchungulia viota inanichoma mbavu. Nikikaa kwenye benchi la kanisa inanisukuma tumbo, na Bi. Eudora akija kunikumbatia nampa ubavu mmoja, mpaka ameanza kuuliza watu kama nimemkasirikia. Naamka nimechoka, navaa chuma, nashinda nimechoka. Kila asubuhi kaka yako ananikagua. Ananizungusha, anaona kama inatuna, ananishusha sweta, ndipo anakaa kwenye kiti chake ametulia kabisa. Ni tupu, wifi. Risasi zote ziko kwa Dwight, sina hata moja humu ndani. Corinne anajua na ameridhika, watoto watakuja. Lowell hajui, nawe usimwambie.

Nilidhani tumevuka.

Jumanne, baada ya kifungua kinywa cha pili, nilikuwa jikoni. Nilinyoosha mikono juu kuchukua bakuli la unga wa mahindi kwenye kabati, na sweta likapanda. Nikasikia kiti kinasukumwa. Nilipogeuka Lowell alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi unaokwenda chumbani. Ameshika fremu huku na huku, amejitanua. Alikuwa anatazama kiuno changu, na uso ule, Maxine, haukuwa na mimi ndani yake.

"Mama," akasema, kwa adabu kabisa, "pesa ziko kwenye mtungi juu ya jokofu. Chukua zote. Funguo za gari sina, walininyang'anya. Lakini huku hupiti."

Nikasema, "Lowell, ni mimi."

"Sikujui, mama. Na sitaki ugomvi na mtu mwenye silaha, mimi yangu sina. Lakini mke wangu amelala chumbani. Ongea polepole." Akaikaza mikono kwenye ile fremu. "Amechoka sana yule mwanamke. Miezi na miezi halali. Anadhani sioni. Tafadhali usimwamshe."

Nimeandika maneno yale kama alivyoyasema, kwa sababu nataka mtu mwingine wa damu yake ayajue. Kwa muda wote huu nilidhani nachoka peke yangu. Nilikuwa nikifunga mlango wa bafu nilie, nikifungua bomba asisikie. Alikuwa anasikia. Alikuwa hanijui mimi niliyekuwa mbele yake, na alikuwa tayari kupigwa risasi ili mimi nipate usingizi.

Nikainua mikono aione. Nikarudi kinyumenyume mpaka nje kwa mlango wa jikoni. Nikaivua ile bastola nikaifungia kwenye pikapu, nikasimama kidogo kwenye baridi. Kisha nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa mbele bila koti.

Alikuwa bado amesimama pale pale. Aliponiona uso ukamrudia wote. "Nola! Mbona umeamka? Kulikuwa na mwanamke hapa, ameshaondoka. Nenda kalale. Nitakaa hapa mlangoni."

Nikaenda, wifi. Nikalala na viatu mguuni mpaka jua likahama dirisha. Nilipoamka alikuwa amesinzia kwenye kiti cha jikoni alichokiburuta mpaka katikati ya ukumbi.

Jana nimemrudishia Dwight bastola. Sitabeba tena. Siwezi kuwa mtu wa kumtisha kwenye nyumba yake. Hajauliza bado. Akiuliza sijui nitasema nini, na Corinne akisikia ya Jumanne najua atakachosema. Sijamwambia. Nimekuambia wewe.

Kwa hiyo nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Usingoje Krismasi, na usingoje ile simu ambayo watu hupanda ndege baada ya kuipata. Wewe bado anakutaja kila siku, na jina lako hajalikosea hata mara moja. Akikuona kwenye kiti kile cha ukumbini ataamini nyumba ina mtu. Njoo ukae mlangoni, Maxine, kaka yako apumzike, na mimi nilale.

Msalimie Gus na kikohozi chake, na wanao Rodney na Thea, na yule jirani yako aliyetuletea samaki wa kukaushwa. Bi. Eudora anakusalimu. Lowell amepita hapa sasa hivi, amesema nikuandikie ujifunike vizuri. Mungu akulinde na barafu, na akupe kiti cha dirishani kwenye ndege.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukininunia,

Nola