Kaburi la Zakaria Ambalo Sijaliona

Jumatano, Juni 1997

Na sasa nimemdanganya mama, Bwana Mungu, na usingizi hauji.

Kwenye ukoo wetu matanga hayaondolewi mpaka mtu aliyeona kaburi asimame aeleze mahali marehemu alipolala. Mdogo wangu Zakaria alizikwa Toledo, Marekani, na watu wa kanisa lake. Hakuna ndugu aliyefika. Mama, huko Kigoma, amekaa mkekani tangu Pasaka akinisubiri mimi, kwa kuwa niko nje, huku Afrika Kusini. Kama vile Durban na Marekani zinapakana!

Leo nilikwenda maktaba ya mjini na Jeanne, Mkongomani ninayefanya naye kazi ya kusuka nywele hapa mtaa wa Greyville. Kuhusu mji ule kulikuwa na kitabu kimoja tu cha historia: viwanda vya vioo, wazee wenye kofia, theluji, ziwa. Makaburi hakuna.

"Dada, si ziwa iko?" Jeanne akaninong'oneza. "Mupe mama ziwa."

Nikapiga simu. Nikamwambia mama kuna ziwa kubwa.

"Kama letu?"

"Kama letu, mama."

Akauliza, "Kaburi linalitazama?"

Nilitaka kusema sijui. Nilitaka...

"Linalitazama, mama."

"Basi mwanangu amelala nyumbani," akasema, akaangua kilio.

Jumamosi wanaondoa matanga. Kaka mkubwa atasimama mbele ya watu wote aseme dada yake ameliona kaburi.

Bwana, niseme kweli au ninyamaze? Nijibu upesi, kabla ya Jumamosi.