Si Jicho la Nyanya

Alhamisi, jioni. Jua limetuchoma Magogoni nzima, feni imekufa, na mimi niko jikoni nacheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Damu ya mwanangu inaganda.

Wallahi sikudhani iko siku nitalifurahia neno hilo. Tangu mtoto wa dada yangu ang'oke jino na damu ikakataa kukoma, tukaambiwa ni hemofilia, maradhi ya damu kutoganda, mimi sijalala vizuri. Daktari alisema mama huweza kumpitishia mwanawe wa kiume hata kama yeye mwenyewe ni mzima, basi wanawake wote wa kwetu tupeleke wana wetu wapimwe. Huku mama mkwe ananisukuma: Swaleh atahiriwe Disemba pamoja na binamu zake, mtoto anakuwa mkubwa huyu! Nami nasingizia mafua. Mafua gani hayo ya mwaka mzima?

Lakini niliogopa, na hofu yangu ina mizizi.

Mjomba wangu Bakari, ambaye sikuwahi kumjua, alitiwa jandoni akiwa mdogo, akatoka damu mpaka akafa. Mwiko wa siku zile ulikuwa mama asikaribie kumbini, pale wavulana walipokaa, mpaka vidonda vipone. Nyanya, mamake mama, alimsikia mwanawe akilia, akachungulia penye uwazi wa makuti. Ukoo mzima ukasema jicho lake ndilo lililofungua damu. Naye akakubali. Mpaka leo mvulana wa kwetu akitahiriwa, nyanya hujifungia chumbani, hataki hata kumpa pole.

Leo, baada ya daktari kunisomea majibu na mimi kumaliza kulia, nilimuuliza maradhi haya yalianzia kwa nani. Akasema huenda ni kwa mtu ambaye hata kaburi lake halijulikani. Kumbe siku hizi wataalamu wanachukua mifupa ya watu waliokufa maelfu ya miaka nyuma, wanasoma ndani yake vinasaba, zile alama tunazorithi kwa wazazi, na wanatafuta humo hata maradhi ya damu kama haya. Mifupa! Nilishika kichwa.

Nilienda moja kwa moja kwa nyanya, buibui sijavua. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikamwambia Swaleh ni mzima. Nikamwambia pia kwamba mjomba Bakari hakuuawa na jicho la mtu, alizaliwa na maradhi yaleyale ya mtoto wa dada, na kwamba hupitia kwa mama.

Hapo nikauma ulimi. Mjinga mimi, namtua mzigo mmoja namtwika mwingine.

"Kwa hiyo ni mimi tena?" akauliza.

Nikamweleza habari ya mifupa, mbio mbio, maneno yakigongana. Kwamba hakuna aliyechagua. Kwamba na yeye alipewa, na aliyempa alipewa. Alisikiliza huku akivuta tasbihi yake, punje baada ya punje.

"Na hao wa mifupa nao walikuwa na mama zao," akasema.

"Ndiyo, nyanya."

"Masikini. Nao waliambiwa nini?"

Akafuta macho kwa ncha ya leso, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado, akanimiminia chai. Nilipokuwa nainuka kuondoka ndipo akanishika mkono, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Huyo Swaleh akitahiriwa, nitaweza kumtazama?"

Nilimkumbatia tu.

Sasa nimeshampigia mama mkwe: Disemba, hospitalini, inshallah. Kiti cha karibu na kitanda ni cha nyanya. Na atakayemwambia ageuze uso, atanikuta mlangoni.