Seli Zisizotaka Kuguswa

Ghorofa ya Pili,
Juu ya Duka la Fundi Saa,
9 Machi.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini wewe, wifi na mapacha hamjambo, na mgongo wako umepata nafuu. Mimi mwili mzima; roho ndiyo imechoka.

Binti yako Chiriku ametoka wodini juzi. Kwenye simu nilikwambia sukari ilimpanda, nikaishia hapo. Sikukwambia kwamba chanzo ni mimi.

Kazi yangu ya maabara unaijua. Tunachukua seli za kongosho, tunazitenganisha moja moja, tunaziweka kwenye kisahani chenye maji ya lishe, kisha ni marufuku kukigusa. Hazina msimamizi, kaka, lakini baada ya siku mbili zinasogeleana, zinashikana, zinajenga vibonge vidogo vya duara. Tunaviita visiwa. Kwa mtu mzima wa afya, visiwa hivyo ndivyo vinavyotoa insulini. Vya mwanao viliharibika zamani, ndiyo maana anajidunga insulini kila siku.

Mwezi uliopita vyetu vilitoka vizuri mno. Nikaja na picha nyumbani, nikajigamba weee. Chiriku akaniuliza, "Shangazi, na zangu zitajipanga lini?"

"Karibu tu," nikamjibu.

Nilikuwa nambembeleza. Yeye ana miaka kumi na mitatu, akayachukua maneno yangu kama yalivyo. Kwa vile seli zetu hazitaki kuguswa, akaona na zake aziache zitulie. Siku nne hakujidunga. Dawa aliimwaga kwenye sinki nisijue. Nilimkuta sakafuni jikoni akihema kwa nguvu, hanitambui. Nilaumu, kaka, ni haki yako.

Na vile visiwa tulivipa sukari kuvipima. Havikutoa insulini hata chembe. Mkuu wetu akasema tuanze upya, akaenda kunywa chai.

Jana nilimweleza Chiriku yote. Akauliza sindano ni mpaka lini. Nusura nimdanganye tena.

"Sijui, mwanangu. Labda maisha yako yote."

Hakulia. Akageukia ukutani, akapandisha shati, akaniachia tumbo nimchome. Tangu hapo hajasema nami neno.

Wifi mpe pole yangu, mapacha wabusu. Mungu awalinde huko mliko.

Mwandikie mwanao upesi, wewe anakusikiliza. Mpe moyo, ila usimwahidi kupona.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuomba radhi.