Koplo, Mbwa Tuliyemfungia Lango

Leo umetimia mwaka mmoja tangu tukukute umekufa nje ya lango letu la Kiminini, Koplo, na bado unakwaruza mabati. Asubuhi na jioni, wakati wa kukamua, mama husikia kucha zako pale chini ulipozoea kugusa. Huweka ndoo, hujifuta mikono, huenda kufungua. Hapati mtu wala mnyama. Hufunga, akarudi kwa ng'ombe wake, na siku hizo maziwa huwa kidogo.

Tunajua wako watakaocheka kuona mbwa akiandikiwa kumbukumbu kama mzee wa kanisa. Wacheke. Wengi wao walikufahamu, na wengine uliwahi kuwapandisha juu ya miti.

Baba yetu, Mzee Jotham Wamalwa, alikutoa Naitiri ukiwa mdogo kiasi cha kutoshea mfuko wa koti. Alikuita Koplo kwa ajili ya mistari miwili myeupe kwenye mguu wako wa mbele. Alisema ukiwa na adabu atakupandisha cheo, lakini kila ulipokaribia uliharibu: mara umekula mayai ya jirani, mara umekimbia na kofia ya pasta. Ukabaki koplo miaka tisa.

Alipobeba maziwa kwa baiskeli kwenda barabarani, ulikimbia upande wake wa kushoto, kamwe si wa kulia. Jumapili ulilala mlangoni mwa kanisa, na wimbo wa mwisho ulipoanza ulikuwa wa kwanza kusimama. Ulipenda maparachichi kuliko nyama. Uliogopa mwavuli, wewe uliyemkabili fahali wa baba mdogo Wakhungu bila kurudi nyuma hatua moja. Mzee hakuwa na maneno mengi kwa sisi watoto wake, lakini na wewe aliongea mchana kutwa. Tukitaka kujua kama mahindi yatauzwa ama ng'ombe ana mimba, tulisikiliza anavyokuambia wewe. Tulikuonea wivu, na leo tunaweza kulisema hilo.

Kisha figo za mzee zikaanza kumsumbua, akawa wa kulala ndani. Wewe ukahamia chini ya dirisha lake. Wiki ya tatu ukaanza kulia. Haikuwa kubweka. Ilikuwa sauti ndefu, nyembamba, jua la saa sita likiwa juu, na uso wako umeelekea dirishani. Wakamuaji wa boma la pili walikuwa wakisimamisha kazi wakisikia.

Baba mdogo Wakhungu alikuja kutuona, akakataa hata kuketi.

"Hii mbwa inaita mtu," alisema. "Mimi nimezika watu, najua hiyo sauti. Si mtoe yeye hapa kabla mzee hajaenda?"

Sisi ni watu wa kanisa. Mambo ya mbwa kuita kifo tunayacheka mbele za watu. Lakini tulikuwa tumeogopa, Koplo, na mtu akiogopa hushika chochote. Mama angekataa, kwa sababu yeye imani yake ni ya kweli. Kwa hivyo tukangoja siku aliyompeleka mzee kliniki Kitale. Mimi Nasimiyu, kifungua mimba, ninayeandika haya hapa Bungoma kwa niaba ya wote, nilikuita kwa kipande cha maini. Ulikuja ukitingisha mkia kwa sababu uliijua sauti yangu. Shemeji Kimutai, mume wa dada yangu Nakhumicha, akakuvisha mnyororo, akakupandisha kwenye pikapu, akaenda nawe kwao Endebess. Ulikaa ukitazama nyumba. Hukubweka hata mara moja.

Mama aliporudi tulimwambia umetoroka.

Mzee alikuulizia jioni ile ile. "Koplo amekula?" Siku ya kwanza mama alisema ndiyo. Siku ya tatu hakuweza tena.

"Koplo ametukimbia, baba Nasimiyu. Amepata kwingine."

"Koplo hawezi kukimbia," mzee akasema. "Wewe mwite tu. Atakuja."

Na mama, ili mzee atulie, alitoka akasimama ukingoni mwa shamba akakuita. Alikuita kwa sauti yake yote, mwanamke wa miaka sabini na moja, na mimi nilikuwa jikoni nimeshika sufuria, nikijua uko Endebess umefungwa kwenye mti. Aliporudi ndani mzee hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi, niliyemfuata mama hadi mlangoni, akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akageukia ukuta. Hakuuliza habari zako tena. Alifariki baada ya siku sita, katika nyumba iliyokuwa kimya kabisa.

Ulifika siku ya tisa baada ya mazishi. Sijui ulipitaje Kitale na magari yale yote. Ulikuwa unaburuta nusu ya mnyororo, nyayo zimechanika, mbavu zikihesabika kwa mbali. Ukasukuma lango kwa kichwa kama kawaida yako. Mama ndiye aliyekukuta.

"Sasa ndiyo umekuja?" alikuambia. "Alipokuwa anakuita ulikuwa wapi? Hata mnyororo umevishwa na bwana yako mpya. Rudi kwake."

Akafunga lango. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale, na beseni la vyombo vya wageni mkononi. Sentensi moja tu ingekufungulia. Nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza, kwa sababu kusema ulifungwa wapi ni kusema ni nani aliyekufunga.

Ulikaa nje miezi minne. Ulichagua mahali ambapo ua wa miiba ya kayaba una mwanya, na kutoka hapo kaburi la mzee linaonekana. Nilikuvua ule mnyororo mama akiwa kanisani, ukaniramba mkono, na hilo ndilo jambo ninaloota nikilala hapa Bungoma. Vivian, binti ya Kimutai aliyekuwa akikaa na mama, nyanya yake, kwa ajili ya shule, alikurushia chakula kupitia mwanya. Sisi wakubwa tulikuja, tukapita kando yako, tukaingia, tukatoka. Kila mmoja alingoja mwingine aseme.

Siku moja ng'ombe wa mama mwenye mimba alitoroka hadi kwenye mahindi ya watu. Ulimrudisha peke yako, ukimsukuma polepole usimtishe, hadi langoni. Mama alifungua, akamwingiza ng'ombe. Wewe ulisimama pale pale. Hukujaribu kuingia. Mama alikutazama kidogo, akafunga. Aliniambia kwa simu jioni hiyo, "Ile mbwa ingekuwa nzuri sana, kama si roho yake." Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Mvua za Mei zilikumaliza. Nilipanda kuja kutoka Bungoma nikakuchimbia kaburi kando ya ua, karibu na ule mwanya, nikamwambia mama ni kwa sababu ya harufu.

Ndipo kucha zikaanza. Mwanzoni mama alidhani ni mbwa wa watu, lakini mbwa wa watu hawapiti tena mbele ya lango letu, huvuka upande wa pili wa barabara. Wakhungu alitaka aite watu wa maombi. Mama akakataa. Alizidi kukonda. Mwezi jana alinishika mkono tukiwa kwenye banda la ng'ombe, sauti ile ilikuwa imetoka tu kuisha, na mimi safari hii nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

"Nasimiyu, huyu anataka nini kwangu? Ni yeye alimwacha baba yenu. Mimi nilimkosea nini?"

Nikamwambia yote. Maini, mnyororo, pikapu, Endebess. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikamaliza nikiwa nimepiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe.

Mama alikaa kwenye kigoda chake cha kukamulia.

"Kwa hivyo mzee alikuwa anasema kweli," akasema. "Na mimi ndiye nilikuwa namdanganya. Alienda akijua mimi namdanganya."

Hajanisemesha tangu siku hiyo. Nikipiga simu anampa Vivian.

Koplo, hatukuombi utusamehe, kwa sababu ungetusamehe upesi mno, na hilo tusingelivumilia. Tunataka tu kila aliyeambiwa kwamba ulimkimbia bwana wako asome hapa kwamba hukumkimbia. Ulichukuliwa, ukarudi kwa miguu yako, ukakuta amezikwa, ukafungiwa. Ulilia chini ya lile dirisha kwa sababu ulikuwa na huzuni. Ni sisi tulioita huzuni yako jina lingine.

Wanaokukumbuka ni Wakhungu, aliyesema utolewe, Kimutai na Nakhumicha, waliokufunga, Vivian, aliyekulisha, na Nasimiyu, uliyemwamini. Jina la mama sikuthubutu kuliandika bila ruhusa. Nilituma nakala Kiminini, Vivian akamsomea kukhu, nyanya yake, mara mbili, na juzi karatasi ikarudi. Nilikuwa nimemwandalia mstari hivi: "Pauline Nasike Wamalwa, aliyekufungia lango bila kujua." Mama ameshika kalamu, yeye ambaye huandika kwa shida, akakata maneno mawili ya mwisho. Chini yake ameandika kwa mkono wake kwamba angeweza kujua, kwa kuwa wewe alikulea.

Basi tumeuacha kama alivyotaka: Pauline Nasike Wamalwa, aliyekufungia lango.

Koplo, sisi hatutakusahau.