Baba Ameingizwa kwenye Mifugo

Jumatatu, 3 Machi

Kaka amekubali! Tangu Baba aanguke bafuni na daktari aseme asiishi tena peke yake, tumekuwa tukikatizana kauli kwenye simu: akae kwangu, akae kwake. Leo kaka kachoka. Kasema haya, tumpeleke kwa huyo Hakimu wako, atakachosema nitakifuata.

Masikini. Hajui kajiingiza wapi. Hakimu nimemtengeneza mimi, pamoja na mwenzangu wa meza ya pili tunayemwita Mantiki.

Wifi akachukua simu, akauliza huyo hakimu ni mtu au ni nini. Nikamweleza taratibu kama ninavyowaeleza wote wanaokuja ofisini. Ni programu ya kompyuta, inasuluhisha ugomvi mdogo mdogo wa majirani. Kila upande unaleta hoja, na kila hoja inachorwa kwenye skrini kama mduara. Hoja yako ikiishambulia ya mwenzako, unachorwa mshale. Inayoshambuliwa ikakosa utetezi inageuka nyekundu, imekufa. Iliyosimama ni ya kijani. Hakuna machozi, hakuna kupandishiana sauti. Wifi akauliza, na Baba je, anasemaje? Nikamwambia Baba si upande. Pande ni mbili, mimi na kaka.

Hoja zangu ziko tayari kichwani. Nitamgaragaza.

Jumanne, 4 Machi

Nimeishiwa nguvu. Sijui nianzie wapi.

Tulifika wote, Baba na begi lake. Nikawaacha mapokezi nikatafute pa kuegesha gari. Kaka kwa kiherehere chake akaanza kufungua kesi mwenyewe. Hakimu akamuuliza mgogoro unahusu nini: ardhi, uzio, mali au mifugo. Binadamu hayumo — nani angefikiria? Kaka anasema alitafakari sana. Baba si ardhi. Si uzio. Mali, akaona ni kumvunjia heshima. Akabonyeza mifugo, eti angalau ana uhai.

Narudi nakuta Baba ni mfugo mkubwa, dume, mmoja.

Ningecheka, ila amri ilikuwa imeshatoka. Mnyama anayegombaniwa abaki pale alipokuwa kesi ilipofunguliwa. Atakayemhamisha ameshindwa kesi. Sheria hiyo niliiandika kwa mkono wangu, baada ya majirani wawili kuibiana ng'ombe mmoja mpaka ng'ombe mwenyewe akakonda. Na Baba, kesi inafunguliwa, alikuwa amekaa kwenye sofa la mapokezi.

Nikamwambia kaka ajitoe, tufungue upya. Akasema jitoe wewe kwanza. Anayejitoa amekubali kushindwa, na hiyo pia niliiandika mimi. Hakuna aliyejitoa.

Baba amelala pale pale. Mlinzi kampa blanketi.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe kuna kifungu cha malisho! Nilikisahau kabisa. Pande zote zimlishe mnyama kwa usawa, upande mmoja usije ukamzoesha. Nikapeleka chai na mayai. Wifi naye kaja na chai na mayai. Baba kanywa chai zote, kala mayai yote, maana akiacha ya mmoja Hakimu ataandika kuwa ameonyesha upendeleo. Kabla ya mchana tumbo likawa linamnguruma hadi wageni wanageuka.

Hakimu anauliza: mnyama amepata chanjo? Kaka kajibu amepata. Anapiga mateke? Kaka kaniangalia. Nikasema zamani.

Bosi kapita, kauliza huyu mzee anamsubiri nani. Mantiki akamjibu kuwa huyo ni kielelezo cha kesi. Bosi akasema sawa, ila asizibe njia.

Alhamisi, 6 Machi

Lifti ya kwetu imekufa tena. Nimepanda kwa miguu hadi ghorofa ya tatu na mifuko yote. Kaka asijue.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka anajua.

Hoja siku nzima. Mimi ndiye niliyeanza: kwa kaka kuna mbwa anayerukia watu, Baba ataanguka tena. Kaka: mbwa anafungwa. Mimi: mbwa aliyefungwa hubweka, Baba hatalala. Kaka: Baba sikio la kushoto halisikii vizuri. Mimi: basi hatamsikia mbwa akikata kamba. Kijani! Mantiki alinipigia makofi, nami nikainama kama mwimbaji.

Kaka akaja na lifti. Nikasema ngazi ni mazoezi. Akasema mtu aliyeanguka bafuni hatumwi kupanda ghorofa tatu. Nyekundu. Damu ikanipanda. Nikaandika kuwa bafu la kaka lina vigae vinavyoteleza, hata wifi aliwahi kuangukia humo akateguka mkono. Wifi alikuwa kwenye sofa na Baba. Akanyanyua kichwa. Akasema hilo nilikwambia wewe peke yako. Nikamwambia kwenye hoja hakuna siri. Amenuna, hata kuniaga hakuniaga. Roho iliniuma kidogo, lakini hoja ilikuwa ya kijani.

Mchana Baba alitaka kwenda kununua gazeti. Sasa hapo kuna tatizo: mnyama akizurura kuelekea nyumbani kwa upande mmoja, upande huo unahesabiwa umemshawishi. Kwa kaka ni kulia ukitoka getini. Kwangu ni kushoto. Nikamwambia Baba anyooke mbele tu. Mbele ni ukuta wa ghala. Baba alifundisha watu udereva maisha yake yote. Akasimama getini, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia kulia tena, akarudi ndani. Mlinzi ndiye aliyekwenda kumnunulia gazeti.

Jumatatu, 10 Machi

Baba bado yupo kwenye sofa. Wageni wamemzoea, mmoja leo kamuuliza foleni inaanzia wapi. Akamwonyesha, tena vizuri tu.

Skrini nzima imekuwa ya njano. Njano maana yake hoja zinauana zenyewe kwa zenyewe, hakuna iliyosimama wala iliyokufa. Mantiki anasema hajawahi kuona kesi nzuri namna hii, anaomba aitumie kwenye mafunzo. Nilimwambia hiyo kesi nzuri inaoga kwenye sinki la choo cha wageni. Hata hakunisikia, alikuwa anapiga picha.

Jioni Baba akaja mezani kwangu. (Ndani ya jengo inaruhusiwa.) Akavaa miwani, akaitazama miduara. Akauliza yeye ni upi hapo. Nikamwambia hayumo, yeye ndiye kesi yenyewe. Akaanza kufuata mishale kwa kidole. Huu unatoka kwako, unampiga kaka yako. Huu wa kaka yako, unakupiga wewe. Na huu. Na huu tena. Akauliza, wa kueleza kwa nini mnanitaka uko wapi? Nikasema huo hauandikwi, Baba, hilo si linajulikana. Akasema aa. Akavua miwani, akarudi zake kwenye sofa.

Nilijitia nina kazi. Alipoondoka nikajaribu kuiandika hiyo hoja. "Namtaka Baba akae kwangu kwa sababu" — Hakimu akasubiri, kile kijistari cha kuandikia kinawaka na kuzima. Nikaandika habari ya mbwa.

Jumanne, 11 Machi

Hakimu katoa amri mpya. Hoja zikikwama, mnyama apimwe. Aachiwe katikati ya uwanja, pande zisimame umbali sawa, kila upande umwite kwa namna uliyozoea kumwita nyumbani. Hakuna kumvuta, hakuna kushika chakula mkononi. Atakakokwenda ndiko kwake. Kesi ya ng'ombe iliisha hivyo hivyo. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyewe, hata hakuangalia upande wa pili.

Nikapinga. Nikasema kipimo hiki hakina mantiki yoyote, mzee mwenye heshima zake haitwi hadharani kama ndama. Hakimu akaniuliza kama nina hoja dhidi ya sheria niliyoiandika mwenyewe. Kaka alicheka mpaka akashika ukuta.

Baba ameridhia. Kasema, nyinyi wote wawili niliwafundisha gari mimi, mmoja alishindwa kufunga breki, mwingine alishindwa kurudi nyuma, ikiwa kwa hili mtaelewana nami nikapate kitanda, basi niachieni uwanjani. Hakusema nani ni nani. Kaka anadai yote mawili ni mimi.

Sina wasiwasi. Nitaita. Kuita nako ni kazi?

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapa hapa, maegesho ya ofisi, nimeegemea ngazi.

Magari yametolewa. Baba kasimama katikati na begi lake. Kaka na wifi wako upande wa geti, mimi upande huu. Bosi, mlinzi na wageni wote wa leo wamejipanga ukutani kutazama. Mantiki kashika kompyuta kifuani, Hakimu anasubiri.

Kaka ndiye aliyeanza. Kaita: Baba eeh, twende zetu, chai inapoa. Basi, ni hivyo tu. Ndivyo anavyomwita kila siku akimpitia, hata kwenye simu nimewahi kumsikia. Baba akatabasamu. Mguu mmoja ukasogea. Halafu akasimama, akanigeukia mimi. Akawaambia ngojeni kwanza, bado huyu.

Zamu yangu. Nikafungua mdomo — hivi mimi humwitaje Baba? Kwenye simu huwa naanza na "Baba, sikiliza". Nyumbani kwake sijapata kumwita, nikifika nakuta ameshafungua mlango anacheka. Nikamwomba Mantiki muda kidogo nijiandae. Mantiki akasema kuita hakuandaliwi. Bosi akasema mpeni tu.

Nimeandika "Baba, kwa kuwa". Nimekata. Nimeandika "Baba, njoo, kwangu hakuna mbwa". Nimekata. "Baba, hata kama lifti". Nimekata. Namtaka. Namtaka kweli, jamani, niamke asubuhi nimkute sebuleni anabishana na redio, aniulize kwa nini nachelewa kazini. Ndivyo ilivyo, na sijui hilo linatetewaje. Kaka yupo pale. Akilisikia atalijibu.

Wifi anamwambia kaka, anaandika hoja huyo, si nilikwambia. Kaka kamwambia nyamaza, mwache. Hata hakucheka.

Jua limekuwa kali. Baba kahamishia begi mkono wa pili. Sasa anatembea — si kwangu, si kwa kaka. Kaenda kwenye kivuli cha ukuta, kaliweka begi chini, kalikalia. Wageni wamempisha. Mantiki anauliza hiyo aiingizeje kwenye mashine.

Baba ananiambia kutoka kule kivulini, ukimaliza kuandika, uniite.

Nimemjibu nimeshamaliza, naweka kalamu.