Pakiti ya Kuleta Amani

Nyumbani,
Chumba cha nyuma ya karakana ya Baba,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Kifua kinaendeleaje? Usingizi unapata? Wanangu hawajambo? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu, ingawa nakuandikia nikiwa nimefura, kwa hiyo nivumilie.

Juzi mkeo alinipigia simu. Anasema tangu uache sigara nyumba haikaliki: unafoka chumvi ikizidi, unafoka ikipungua, na watoto wakisikia funguo mlangoni wanatafuta pa kujificha. Mwishowe akaniambia, "Wifi, bora nimnunulie pakiti moja tu, tupumue." Nikamjibu akithubutu asinipigie tena. Sikuwa na adabu, najua, na radhi siombi.

Wewe ulikuwa bado unanyonya, hukuyaona. Baba aliwahi kuacha. Ndiyo, huyo huyo! Alitafuna penseli yake ya useremala badala ya sigara, hadi wateja wakamwita Fundi Panya. Nyumbani tulikiona cha moto. Siku aliyorusha nyundo ikapasua mlango wa kabati la mteja, Mama alivaa viatu akaenda dukani, akarudi na pakiti, akaiweka kando ya kikombe cha chai cha Baba. Baba akavuta, akacheka, akamsifu kuwa mke mwema. Shangazi mpaka leo anakisimulia kisa hicho kama mfano wa mwanamke mwenye busara. Busara! Akianza tu, mimi natoka nje.

Maana anayeishi na Baba sasa ni mimi. Unajua seremala anavyopuliza vumbi la msumeno ili auone mstari aliouchora? Baba hawezi tena. Anachukua brashi kuukuu ya rangi, anafagia kidogo, anakaa, anahema, anainuka. Jana alikata nje ya mstari. Alinitazama, nikajifanya natafuta misumari.

Muuguzi anayempima Baba mapafu anasema ule ukali wa mtu aliyeacha sigara hupungua wenyewe baada ya wiki kadhaa. Hakuna aliyemwambia Mama hivyo wakati ule, na hilo ndilo linaloniuma.

Basi kaza moyo. Hamu ikikushika, toka utembee, kunywa maji, au nipigie unifokee mimi. Wanaume wa ukoo huu nimewazoea. Ukiteleza ukavuta moja, kuteleza si kuanguka, anza tena kesho yake. Ila usikubali kununuliwa pakiti kwa jina la amani.

Msalimie mkeo, mwambie hasira yangu si chuki. Mbusu Kidawa wetu na kaka yake. Shangazi anakusalimu, na masimulizi yake. Mama naye nilimwuliza nikuandikie nini. Akasema, "Mwambie mkwe wangu avumilie kelele. Mimi siku hizi natamani mzee angefoka, hana pumzi."

Mungu akulindie pumzi yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna.